Beseni la Dawa Mlangoni, Kirusi Ndani ya Mfuko

Siku moja nilikaa kwenye mafunzo ya wafugaji wa samaki hapa hapa Morogoro mjini. Tuligawiwa chai, kitumbua na karatasi ya kurasa nne kuhusu kuzuia magonjwa kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga. Nimeihifadhi mpaka leo. Kipengele cha kwanza: weka beseni la dawa ya kukanyagia mlangoni. Cha pili: kila mgeni asaini kitabu. Cha tatu: wafanyakazi wavae mabuti ya kituo. Na kuendelea.

Nilipofika nyumbani nikaisoma tena kwa kalamu mkononi. Ina vipengele 12. Tisa vinahusu watu: viatu, mikono, nguo, wageni. Viwili vinahusu ndoo na vyandarua. Kimoja kinahusu maji. Kuhusu samaki wenyewe, yaani wale wazazi na vifaranga wanaoletwa kutoka nje na kumwagwa ndani ya kituo, hakuna hata mstari mmoja.

Sitasema karatasi ile ilitolewa na nani, kwa sababu si ya peke yake. Nimeona ndugu zake nyingi. Makala hii inakosoa namna ya kufikiri iliyoizaa. Hoja yangu ni moja: kabla ya kuandika orodha ya kujikinga na kirusi, uliza kwanza kirusi hicho kinasafiri juu ya nini. Ukiruka swali hilo, utalinda mlango ambao hakipiti.

Nianze na karatasi yangu mwenyewe

Haitakuwa haki kukosoa karatasi za wenzangu nikaficha ya kwangu. Kwenye tasnifu yangu ya uzamili kuna sentensi inayosema kwamba vifo vya mwanzo wa jaribio "vilitokana na msongo wa usafirishaji". Ukweli ni huu. Nilikuwa nahitaji vifaranga 600 vya sato kwa jaribio la chakula. Kituo kimoja kilikuwa na 300 tu, nikachukua. Vilivyobaki nikavitoa kituo kingine. Vikaja kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, nikavichanganya kwenye matangi ili ukubwa ulingane. Siku ya tisa vikaanza kufa. Mpaka wiki ya tatu nilikuwa nimepoteza 212.

Msongo wa usafirishaji huua, lakini mara nyingi huua ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Vifo vinavyoanza siku ya tisa vinadai maelezo mengine. Mimi sikuyatafuta. Nilinunua vifaranga vingine, nikaanza upya, nikaandika ile sentensi. Wasahihishaji walipita nayo bila swali.

Jaribio lilipoisha, samaki waliobaki niliwagawa. Baadhi walikwenda kwa mama mmoja mwenye bwawa dogo njia ya Mkuyuni, upande wa mashariki wa Uluguru. Baada ya miezi miwili akanipigia simu: "Mwanangu, wale samaki wako wanaelea." Nikamwambia abadilishe maji na apunguze pumba. Akanishukuru. Inawezekana kweli ilikuwa hewa kupungua kwenye maji. Inawezekana ilikuwa bakteria. Lakini ushauri wangu haukutokana na kipimo chochote, na yeye hakuwa na sababu ya kuushuku, maana mimi ndiye mtaalamu. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Kirusi ninachokizungumzia

Perege wana maadui wengi, lakini ninayemtolea mfano ni kirusi ambacho watafiti wanakiita kwa kifupi TiLV, yaani kirusi cha perege wa ziwani. Kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 na Eyngor na wenzake, baada ya perege kufa kwa wingi nchini Israeli kuanzia 2009. Kina vinasaba vya RNA vilivyogawanyika vipande 10. Kwenye milipuko mbalimbali kimeua asilimia ndogo ya samaki mahali pengine, na hadi asilimia 90 mahali pengine. Tofauti hiyo kubwa ni sehemu ya tatizo: mkulima aliyepoteza kumi kwa mia atasema ni kawaida ya ufugaji.

Ongeza na hili. Nchini Thailand, kabla kirusi hakijajulikana vizuri, wafugaji walikuwa na jina la vifo vinavyotokea ndani ya mwezi mmoja baada ya kuhamishia vifaranga kwenye vizimba. Mwezi mmoja. Nilipokutana na maelezo hayo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Jambo moja liwekwe wazi mapema ili mtu asiache kula samaki: TiLV hakijulikani kumdhuru binadamu. Kikaange, kichemshe, sato wako ni salama. Anayeumia ni mfugaji na mfuko wake. Na kingine: sisemi kwamba kirusi hiki kipo kwenye mabwawa ya Morogoro, wala kwamba ndicho kilichoua samaki wangu. Nasema kwamba namna tunavyofanya kazi, kingeweza kuwepo na tusijue.

Kosa la kwanza: kulinda mlango usiohusika

Mwezi Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari maalumu kwa dunia nzima kuhusu TiLV. Mwaka huo huo Dong na wenzake walichapisha kwenye jarida la Aquaculture utafiti ambao kila mwanafunzi wa viumbe maji angepaswa kuusoma. Walirudi kwenye sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa, zilizotoka kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga nchini Thailand kati ya 2012 na 2017. Wakakuta kirusi kwenye mayai yaliyorutubishwa, kwenye vifaranga vichanga vyenye kiini cha yai bado tumboni, na kwenye vifaranga vya kuuza. Halafu wakaorodhesha nchi zilizokuwa zimepokea perege kutoka vituo vyenye maambukizi. Nchi ni zaidi ya 40. Tanzania imo. Uganda, Rwanda na Burundi zimo.

Hapa kuwa makini: kuwa kwenye orodha hiyo hakuthibitishi kwamba kirusi kilifika. Kunaonyesha tu kwamba njia ilikuwa wazi. Lakini angalia njia yenyewe ni ipi. Hakuna aliyekanyaga kirusi Bangkok akaja nacho kwenye soli hadi Julius Nyerere. Njia ilikuwa mfuko wa vifaranga, wenye nyaraka zote.

Mwaka 2020 kundi hilo la Dong likaenda mbele zaidi: likaambukiza samaki wazazi kwa makusudi, likakuta kirusi kwenye viungo vyao vya uzazi na kwenye mayai yaliyorutubishwa. Maana yake kwa mtu wa kituo ni kubwa. Kuosha mayai kwa dawa, jambo zuri na la kawaida, kunasafisha ganda. Kilichoingia na yai kutoka kwa mama yake hakifikiwi na dawa ya nje.

Sasa rudi kwenye karatasi ya vipengele 12. Beseni mlangoni si baya. Linasaidia dhidi ya baadhi ya bakteria na vimelea, na linamkumbusha mgeni kwamba hapa si sokoni. Ubaya ni kwamba linatupa hisia ya kuwa tumejikinga. Nimeona beseni limewekwa vizuri, dawa imepimwa, na mita kumi mbele kijana anafungua mifuko ya samaki wazazi waliokuja asubuhi ile na kuwamwaga moja kwa moja kwenye bwawa la wazazi wa zamani. Mlango umelindwa na mgeni hatari kabebwa mikononi.

Kosa la pili: kusoma utafiti wa Ziwa Victoria nusu nusu

Mwaka 2018 Mugimba na wenzake walichapisha kwenye Journal of Fish Diseases taarifa ya TiLV katika sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini, upande wa Uganda na wa Tanzania. Walipima sampuli 442 kutoka samaki 191 kwa kipimo cha PCR. Sampuli 28 zikaonyesha vinasaba vya kirusi, hasa kutoka kwenye bandama na figo ya mbele.

Utafiti huu unatumika vibaya na pande mbili, na zote nimezisikia kwenye vikao vya hapa kwetu.

Upande wa kwanza unasema: "Kirusi kipo Ziwa Victoria, kwa hiyo perege wa Tanzania wameshaambukizwa, tumechelewa." Huku ni kukimbia kuliko ushahidi. PCR inakuza kipande cha vinasaba. Haionyeshi samaki anayeugua. Kipimo cha hatua mbili kilichotumika na tafiti nyingi za wakati ule ni chepesi sana kunusa, na chenye pua kali hivyo huhitaji ulinzi mkali dhidi ya uchafuzi wa maabara. Zaidi ya hapo, ziwa si nchi. Kati ya Mwanza na Morogoro kuna mabonde kadhaa ya mito yasiyounganika. Samaki hatembei kutoka bonde moja kwenda jingine isipokuwa mtu ambebe.

Upande wa pili unasema: "Samaki walikuwa wanaonekana wazima, hakukuwa na vifo vya kutisha, kwa hiyo tusitishane." Huu naona ndio hatari zaidi, kwa sababu unageuza onyo kuwa faraja. Samaki anayebeba kirusi huku anaonekana mzima ndiye anayefaa kuchaguliwa kuwa mzazi. Ana umbo zuri, anakula vizuri, unambeba wewe mwenyewe kwa furaha. Mgonjwa anayeonekana anajizuia mwenyewe. Hakuna anayenunua samaki mwenye vidonda. Anayesafiri ni yule asiye na dalili.

Na kama tunasubiri vifo vya kutisha ndipo tuanze, tuwaulize wenzetu wa Ghana. Mwishoni mwa 2018 wafugaji wa vizimba kwenye Ziwa Volta walianza kupoteza sato kwa wingi kutokana na kirusi kingine kabisa, kinachofupishwa ISKNV. Siku moja kabla ya hapo nao wangeweza kusema kwamba hawajaona tatizo.

Kosa la tatu: cheti cha samaki thelathini

Tuseme sasa kituo kimeamua kupima. Safi sana. Swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kuuliza ni: mlipima wangapi? Hapa naomba mvumilie hesabu kidogo, ni ya sekondari tu.

Fikiria gunia la maharage pale Soko la Mawenzi. Katika kila punje 100, mbili zimetobolewa na wadudu. Ukichota punje moja bila kuangalia, uwezekano wa kupata nzima ni 0.98. Ukichota 30, unazidisha 0.98 kwa yenyewe mara 30. Jibu ni takribani 0.55. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya wanaochota punje 30 wataondoka wakiamini gunia lote ni safi.

Weka samaki mahali pa maharage. Kama maambukizi ni asilimia 2, na umepima samaki 30 wote wakatoka bila kirusi, hujathibitisha chochote cha maana. Umerusha shilingi. Ukipima 150, uwezekano wa kukikosa kirusi unashuka hadi takribani 0.05. Na kama maambukizi yangekuwa asilimia 10, hao 30 wangetosha, kwa sababu 0.9 kwa yenyewe mara 30 ni karibu 0.04. Kwa hiyo idadi ya kupima inategemea kiwango cha maambukizi unachotaka kukigundua, na hesabu hii yote inachukulia kwamba kipimo hakikosei kamwe, jambo ambalo si kweli kwa kipimo chochote.

Mtu atasema: PCR kwa samaki 150, nani analipa? Pingamizi la haki. Kuna njia mbili za kupunguza mzigo. Kwanza, vipande vya samaki watano vinaweza kuchanganywa kwenye kichupa kimoja. 150 wanakuwa vipimo 30. Unapoteza kidogo uwezo wa kunusa, lakini unapata picha pana. Pili, si lazima uue samaki wazazi wako wa thamani. Vifaranga vyao ni vingi na rahisi, vipime hivyo. Tena watafiti wa Thailand wameonyesha kwamba TiLV kinaweza kugunduliwa kwenye ute wa ngozi ya samaki aliye hai.

Mashine si hadithi ya mbali. Hapa SUA, kilomita chache kutoka mabwawa ya Magadu, kuna maabara za vinasaba zinazofanya kazi ya virusi vya wanyama kila siku, kuanzia homa ya nguruwe ya Afrika hadi ugonjwa wa miguu na midomo. Kingolwira nako, kwenye kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji, si mbali: daladala moja tu. Umbali kati ya bwawa na maabara katika mji huu ni mdogo kuliko umbali kati ya idara na idara.

Chaza wanatufundisha nini

Nimeahidi swali la "kinasafiri juu ya nini", na mfano mzuri kuliko wote unatoka kwa kiumbe ambaye huku milimani wengi hatujawahi hata kumwonja: chaza.

Mwaka 2008 chaza wachanga wa Pasifiki walianza kufa kwa wingi kwenye pwani za Ufaransa, joto la maji linapopanda. Chanzo kikuu kilikuwa aina mpya ya kirusi cha jamii ya hepesi, OsHV-1. Mwaka 2010 kikaonekana New Zealand na Australia. Mwishoni mwa Januari 2016 kikapiga Tasmania. Tasmania ndiko kulikokuwa na vituo vilivyozalisha sehemu kubwa ya chaza wachanga waliotegemewa na wafugaji wa Australia Kusini. Serikali ikafunga usafirishaji ili kukinga majimbo mengine, na ilikuwa sahihi. Matokeo yake wafugaji wa Australia Kusini, ambao chaza wao hawakuwa wagonjwa, wakakaa bila mbegu. Walilazimika kujenga vituo vyao kwa haraka.

Lakini kilichonivutia zaidi ni maji. Chaza hula kwa kuchuja bahari, na hakuna anayeweza kuua kila kirusi baharini. Watafiti wa Australia wakajiuliza kirusi kinaelea vipi. Ushahidi ukaelekeza kwamba kwa sehemu kubwa kinasafiri kikiwa kimeshikana na chembechembe ndani ya maji. Basi kumbe si lazima uchuje kirusi chenyewe, ambacho ni kidogo mno. Unachuja kile kilichokibeba. Mwaka 2015 Whittington na wenzake walionyesha kwamba maji ya bahari yaliyochujwa hadi mikromita 5, au yaliyoachwa tu yatulie kwa saa 48 kabla ya kutumika, yaliwakinga chaza wachanga. Tangi na subira ya siku mbili. Nyumbani kwetu kila mama anajua maji ya mtungi yakitulia, tope linakwenda chini.

Sasa kosa rahisi kwa mwandishi wa miongozo lingekuwa kunakili: "Vituo vya perege vitulize maji saa 48." Hapana. Chaza walipata dawa hiyo kwa sababu mtu aliuliza swali kuhusu kirusi chao. Cha kwetu kina jibu lake: kinasafiri zaidi ndani ya samaki na mayai, na ndani ya maji waliyokaa samaki wagonjwa. Tunachopaswa kuazima kwa chaza ni swali.

Wenzetu wa Fumba na Bweleo kule Unguja, wanawake wanaofuga chaza kwa ajili ya lulu, wameanza kwa kutegemea chaza wachanga wanaojishikiza wenyewe baharini. Siku vituo vya kuzalisha chaza vitakapoenea kwenye pwani yetu, naomba wasikabidhiwe karatasi ya beseni.

Mlima, maji na bodaboda

Uluguru inatupa kitu ambacho wengi hawana. Vijito vya juu vinatoka msituni. Kituo kinachochukua maji kwenye chemchemi, juu ya bwawa lolote la samaki, kina maji ambayo hayajapita kwa samaki wa mtu. Kuna nchi zinalipa fedha nyingi kwa mitambo ili kupata maji ya namna hiyo.

Lakini tunafanyaje? Vituo vingi viko chini, tambarare, karibu na barabara na umeme. Vifaranga vinazalishwa chini, vinapandishwa mlimani kwenye bodaboda, vinamwagwa kwenye bwawa la mkulima aliye juu. Bwawa likijaa au mvua za masika zikizidi, maji yanarudi kijitoni. Kijito kinashuka kwa jirani, kwa jirani wa jirani, hadi Ruvu. Kirusi kinapanda mlima kwa bodaboda na kushuka kwa miguu yake. Kituo cha chini kinachovuta maji ya mto kinaweza kurudishiwa kilichouza.

Na Ruvu si mfereji mtupu. Mito hii ya mashariki, Ruvu, Wami na Rufiji, ina perege wake wa asili, Oreochromis urolepis. Tayari anabanwa na sato aliyeletwa, anayemgombania makazi na kuzaana naye. Hatujui kumlipa fidia samaki wa porini. Ugonjwa ukimfikia, hana hata wa kumpigia simu kusema wanaelea.

Ningeandika nini badala yake

Mkosoaji asiye na pendekezo ni mzigo, kwa hiyo haya ni ya kwangu. Ni manne, na la kwanza halihitaji umeme.

Daftari. Kila kundi la samaki linaloingia liandikwe: limetoka wapi, tarehe, idadi, limewekwa bwawa gani. Kila mfuko unaotoka uandikwe umetoka kwa wazazi gani na umekwenda kwa nani. Vifo viandikwe kwa siku, maana siku ya pili na siku ya tisa ni habari mbili tofauti. Bila daftari, hata maabara bora duniani itakuambia tu kwamba samaki huyu ana kirusi. Haitakuambia nani mwingine wa kupigiwa simu.

Kutengana. Samaki wapya wakae kwenye bwawa lao, na chandarua chao na ndoo yao, maji yao yasiteremkie kwa wenzao. Kituo kidogo chenye mabwawa matano kiweke moja pembeni kwa kazi hiyo. Ni hasara, najua. Ni ya bwawa moja, si ya yote.

Kupima kwa kusudi. Badala ya samaki 30 kwa ajili ya cheti ukutani, pima vifaranga vya wazazi wapya kabla hawajachanganywa, na pima kila vifo visivyoeleweka vinapoanza baada ya wiki ya kwanza. Wenye maabara nasi wanafunzi tuweke utaratibu ambapo mkulima akileta samaki aliyekufa leo ndani ya barafu asiambiwe aandike barua kwanza.

Kutoficha. Hili ni gumu kuliko yote. Kituo kikitangaza kimepata kirusi, wateja wanakimbia. Kikikaa kimya, kinaendelea kuuza. Tunawaadhibu wanaopima. Kama mfumo hautamlinda aliyesema ukweli, kwa msaada wa kuanza upya na wazazi safi, basi hakuna atakayepima, na tutaendelea kujisifu kwamba hatuna ugonjwa. Kwa hapo siwalaumu wenye vituo. Hata mimi, nisiye na mteja hata mmoja, niliandika "msongo wa usafirishaji".

Na beseni? Liacheni mlangoni. Ila liwe kipengele cha tano.

Mwezi uliopita nilipanda njia ya Mkuyuni kumwona yule mama. Nilimwamkia, tukakaa kivulini, nikamweleza kwamba samaki niliompa walitoka kwenye kundi lililokuwa limekufa theluthi nzima, na kwamba nilipaswa kumwambia siku ile ile. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wale niliompa mdogo wangu kule chini, je?"

Sikujua kama aliwahi kumpa mtu. Nilitoa daftari mfukoni, nikamwomba anitajie mdogo wake yuko wapi, na aliwachukua lini.